Kutoka Kipande cha Shingoni hadi Kitambulisho cha Mkononi

Neno kipande lina umri wa zaidi ya karne moja katika siasa za Kenya, na bado halijazikwa. Kijana anayetimiza miaka 18 husema anakwenda kwa chifu kutafuta kipande. Askari anayesimamisha matatu usiku huulizia kipande. Sheria ilibadilika, kadi ikabadilika, bendera ikabadilika, neno likabaki pale pale. Sasa tunaambiwa kwamba kadi yenyewe inajiandaa kutoka mfukoni na kuingia ndani ya simu, ili mwananchi aoneshe utambulisho wake kwa kugusa kioo.

Wako wanaoshangilia jambo hili kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni, na wako wanaolilaani kana kwamba ni ukoloni uliorudi kwa mlango wa nyuma. Makundi yote mawili yangefaidika kwa kusoma historia kwanza. Kila hati ya utambulisho, iwe ya bati, ya karatasi, ya plastiki au ya programu, hulazimika kujibu maswali matatu. Nani anaandika ndani yake? Nani anaweza kukulazimisha uitoe? Na unapoikosa, ni kitu gani kingine unachokikosa? Katika makala hii ninapitisha maswali hayo katika miaka mia moja ya usajili wa watu nchini Kenya, kisha niyafikishe kwenye simu.

Hati iliyoandikwa na mwajiri

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilichelewesha utekelezaji wake hadi 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kusajiliwa, kuchukuliwa alama za vidole, na kupewa hati ambayo ilimpasa kutembea nayo kila aendapo. Hati hiyo ilitiwa ndani ya kikasha kidogo cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa uzi. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo peke yake linatosha kueleza namna waliovaa walivyoielewa hali yao.

Kipande kiliandikwa jina, kabila na mahali mtu alikotoka. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba kiliandikwa pia historia ya kazi: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, mshahara, na tarehe ya kuachishwa iliyothibitishwa kwa sahihi ya mwajiri. Mfanyakazi aliyeondoka shambani bila sahihi hiyo alihesabiwa kuwa mtoro. Alama zake za vidole zilikuwa tayari Nairobi kwa msajili, na angeweza kutafutwa akiwa wilaya nyingine kabisa. Mwajiri mpya naye alifungua hati, akaona mshahara wa zamani, na hakuwa na sababu ya kutoa zaidi.

Kwa hiyo kipande kilikuwa chombo cha soko la ajira kabla ya kuwa chombo cha utambulisho. Walowezi walihitaji vibarua wa bei nafuu wasioweza kuhama hama kutafuta malipo bora. Mhusika mkuu wa hati hiyo hakuandika hata herufi moja ndani yake, na wengi hawakuweza kusoma kilichoandikwa. Aliyepatikana bila hati alitozwa faini au kufungwa, hata kama hakuna aliyemshuku kwa kosa lolote. Kosa lilikuwa kule kukosa chenyewe.

Mbinu hii haikuzaliwa Kenya. Alama za vidole zilianza kutumiwa kiutawala huko Bengal, India, katika karne ya 19, na ni Bengal hiyo hiyo ambako mfumo wa kuzipanga ulikamilishwa chini ya Edward Henry, kwa kazi ya maofisa wa Kihindi Azizul Haque na Hem Chandra Bose, kabla ya kupelekwa London. Huko Transvaal, Afrika Kusini, Gandhi aliongoza upinzani dhidi ya usajili wa lazima wa Waasia, na tarehe 16 Agosti 1908 vyeti vya usajili vilichomwa moto hadharani nje ya msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg. Tangu mwanzo, basi, teknolojia ya kuwatambua watu ilijaribiwa kwanza kwa wale wasiokuwa na kura. Mwanafunzi wa historia hapaswi kulisahau hilo kila anaposikia kwamba mradi fulani utafanyiwa majaribio kwanza katika kambi ya wakimbizi au katika kijiji cha maskini.

Machi 1922

Upinzani haukukawia. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walianzisha chama kilichojulikana baadaye kama East African Association. Madai yake yalikuwa kipande, kodi ya kichwa na ya nyumba, kupunguzwa kwa mishahara, na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi ukidai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea na kuwaongoza wanawake kuelekea langoni. Polisi walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilisema waliouawa ni 21. Makadirio mengine yalikuwa makubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Inafaa tutue hapa kidogo. Wanawake hawakutakiwa kubeba kipande. Nyanjiru alikufa katika maandamano ambayo dai lake mojawapo lilikuwa hati isiyomhusu kisheria. Alielewa kwamba kamba iliyo shingoni mwa mume, kaka au mwana humfikia kila mtu nyumbani. Wale wanaosema leo kwamba faragha ni shida ya wenye la kuficha wangefanya vyema kuutafakari mfano huo.

Usawa wa ajabu wa 1947

Kipande hakikuondolewa hadi mwaka 1947, robo karne baada ya damu ile, pale ilipopitishwa Sheria ya Usajili wa Watu. Sheria mpya ilikusudiwa kuwahusu watu wa rangi zote. Hapo likazuka jambo la kuchekesha na kufundisha kwa pamoja. Walowezi wa Kizungu, ambao kwa zaidi ya miaka 25 waliona kuchukuliwa alama za vidole ni jambo la kawaida kwa wengine, waligutuka na kusema kwamba ni fedheha, ni kutendewa kama wahalifu. Serikali ikalegeza masharti, na wenye elimu ya kutosha wakaruhusiwa kutumia sahihi na picha badala ya vidole. Hoja ya faragha na heshima ya mtu ilieleweka mara moja ilipotamkwa na wenye sauti.

Ahadi ya usawa nayo haikudumu. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilirudisha udhibiti wa mwendo kwa njia ya vitabu vya pasi kwa Wagikuyu, Waembu na Wameru. Katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954, Nairobi ilizingirwa, watu wakapangwa foleni, hati zao zikakaguliwa, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kizuizini. Sajili iliyoandaliwa wakati wa amani huwa tayari wakati wa msako, na mtawala wa kesho hairithi pamoja na nia njema ya mtawala wa jana.

Uhuru ulipokuja, sheria ile ya 1947 haikufutwa. Ilirithiwa, ikarekebishwa, na ndiyo mzizi wa Sheria ya Usajili wa Watu tunayoitumia hadi leo. Marekebisho ya 1978 ndiyo yaliyowaingiza wanawake. Ukipiga hesabu, utaona kwamba mwanamke wa Kenya alikaa miaka 15 ya uhuru akiwa nje ya sajili kuu ya watu wazima wa taifa lake. Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Kwa babu, kuwa ndani ya sajili kulikuwa mzigo. Kwa bibi, kuwa nje ya sajili kulikuwa mzigo vile vile, kwa sababu dola ya kisasa haimkopeshi, haimwandikishi ardhi wala haimpigishi kura mtu isiyemwona.

Waliosimama nje ya foleni

Mzigo huo wa pili haujaisha. Wanubi wa Kenya ni wajukuu na vitukuu vya askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan kutumikia jeshi la King's African Rifles, wakapewa makazi Kibera. Walipigania ufalme huo, lakini baada ya uhuru vijana wao walipoomba kitambulisho waliambiwa wapite kwanza mbele ya kamati za kupiga msasa, wakithibitisha kwa hati za mababu kwamba wao ni Wakenya. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, hasa haki ya kupata uraia tangu kuzaliwa.

Wasomali wa Kenya walipitia tanuri lao. Mwaka 1989 serikali iliendesha uhakiki maalumu wa Wasomali, na waliopita walipewa kadi ya waridi waliyotakiwa kubeba juu ya kitambulisho cha kawaida. Miaka ya ukame ilileta mkasa mwingine: familia za Wakenya huko kaskazini mashariki ziliingia katika usajili wa wakimbizi ili kupata chakula na matibabu. Watoto wao walipofikisha miaka 18, alama za vidole zilionekana katika sajili ya wakimbizi, na kompyuta ikakataa kuwatambua kuwa raia. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenye foleni ya unga alikuja kuambiwa, akiwa mtu mzima, kwamba vidole vyake vinashuhudia dhidi yake. Mapema mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa upigaji msasa wa ziada katika maeneo ya mpakani. Ni hatua njema. Lakini tangazo huondoa kamati, na kamati si kitu pekee kinachoweza kumkataa mtu. Sajili nayo hukataa, tena bila kueleza sababu.

Jirani yetu Rwanda alilipa gharama isiyosemeka. Utawala wa Kibelgiji uliweka kabila katika vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994, miaka 60 baadaye, neno hilo moja lililoandikwa kwenye kadi lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na likaamua nani aendelee na safari na nani asiendelee. Aliyeanzisha kipengele hicho hakuwa amekusudia mauaji ya kimbari. Data huishi muda mrefu kuliko makusudi ya aliyeikusanya.

Huduma Namba mbele ya majaji

Mwishoni mwa mwaka 2018 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Usajili wa Watu ndani ya mswada wa mambo mchanganyiko, ule ambao kwa desturi husahihisha makosa madogo ya sheria. Humo ndimo mfumo wa NIIMS, uliokuja kujulikana kama Huduma Namba, ulikoanzishwa. Sheria iliruhusu kukusanywa kwa alama za vidole, sura, mboni, na hata DNA na mahali halisi mtu anapoishi. Nchi ilikuwa bado haina sheria ya ulinzi wa data.

Nubian Rights Forum, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, walikwenda mahakamani. Sioni kuwa ni sadfa kwamba waliotangulia kwenye foleni ya mahakama ni wale waliokuwa wa mwisho kwenye foleni ya kitambulisho. Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu iliruhusu usajili uendelee, ila usiwe wa lazima, usiwekewe tarehe ya mwisho, usihusishe DNA, na huduma zisizuiwe kwa asiyejisajili. Hata hivyo foleni zilifurika. Watu hawakusoma amri ya mahakama. Walisikia kwamba bila namba hutapata huduma, nao mamilioni wakajitokeza.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, baada ya data kukusanywa. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir waliamua kwamba kukusanya DNA na mahali halisi pa makazi kunakiuka Ibara ya 31 ya Katiba, na kwamba mfumo ungeweza kuendelea ikiwa tu utawekewa kanuni za kutosha na zilizo kamili. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji wa kadi ulikuwa umefanyika kinyume cha sheria kwa kuwa serikali haikufanya tathmini ya athari kwa data za watu, kama sheria yenyewe inavyodai. Serikali mpya iliyoingia mwaka 2022 iliuacha mradi huo, na mabilioni ya shilingi yakaenda na maji.

Mrithi wake ni Maisha Namba: namba moja tangu kuzaliwa hadi kufa, kadi yenye chipu, sajili kuu ya watu, na kitambulisho cha kidijitali kinachokaa katika simu. Nao ulisimamishwa na Mahakama Kuu Desemba 2023, ukaruhusiwa Februari 2024, ukasimamishwa tena Julai na kuruhusiwa Agosti mwaka huo huo. Baadhi ya watumishi wa umma huona kesi hizi kama ukorofi wa wanaharakati. Mimi naona tofauti kubwa kuliko zote kati ya 1922 na leo. Thuku alikuwa na umati tu mbele ya bunduki. Mwananchi wa leo ana Ibara ya 31, ana Kamishna wa Ulinzi wa Data, ana jaji anayeweza kusema simama. Anayedai kwamba Maisha Namba ni kipande kile kile anawanyima haki waliopigania tofauti hiyo.

Kitambulisho kinapoingia katika simu

Hata hivyo, maswali matatu ya mwanzo hayajapata majibu.

Tuanze na lile la nani anaandika. Kadi ya plastiki ina fadhila moja isiyosifiwa: ni bubu. Ukimwonesha karani wa benki saa nne na mlinzi wa jengo saa sita, kadi haikumbuki. Kitambulisho cha simu kinaweza kujengwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, kila kinapooneshwa, kifaa cha mkaguzi huiuliza seva ya serikali kama mtu huyu ni halali. Seva hujibu, na huku inajibu inaandika: nani, wapi, saa ngapi, mbele ya nani. Baada ya mwaka mmoja dola itakuwa na shajara ya maisha yako ambayo hukuiandika wala huwezi kuisoma. Itajua ulikwenda kliniki gani na afisi ya wakili yupi. Hizo ni sahihi za mwajiri katika kipande, isipokuwa sasa mwajiri ni kila lango.

Katika njia ya pili, serikali hutia saini ya kidijitali kwenye taarifa zako mara moja, nazo zikahifadhiwa ndani ya simu yako. Mkaguzi huthibitisha saini hiyo papo hapo bila kuwasiliana na seva. Njia hii inawezekana hata pasipo na intaneti, na inakuruhusu kuonesha kile tu kinachohitajika: kwamba umetimiza miaka 18, bila jina, bila namba, bila mahali ulipozaliwa. Kiwango cha kimataifa cha leseni za udereva za simu, kilichochapishwa mwaka 2021, kimejengwa juu ya wazo hilo. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba faragha na teknolojia haziwezi kukaa nyumba moja. Kuchagua kati ya njia hizi mbili ni uamuzi wa kisiasa, nao unafanywa na watu wenye majina na vyeo.

Pili, nani anaweza kukulazimisha ukitoe? Askari akikuomba kadi, humpa kadi. Akikuomba kitambulisho kilichomo ndani ya simu, unamkabidhi simu iliyofunguliwa: picha zako, jumbe zako, pesa zako, majina ya wenzako katika kundi la maandamano. Waliokuwa barabarani mwezi Juni 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi. Mabawabu wa majengo ya Nairobi wana desturi ya kuzuia vitambulisho vya wageni mpaka watoke. Je, watazuia simu? Sheria inapaswa kutamka waziwazi kwamba hakuna ofisa wala mlinzi mwenye haki ya kushika simu ya mtu kwa sababu ya kukagua utambulisho, na kwamba kukataa kuikabidhi si kosa.

Tatu, unapokikosa, unakosa nini? Hapa mambo madogo ya kila siku yana uzito kuliko nadharia. Betri huisha. Kioo hupasuka, na kioo kipya kinaweza kugharimu mshahara wa wiki nzima wa kibarua. Wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na wengi wengine hutumia simu moja nyumba nzima, baba akiondoka nayo asubuhi. Wapo walionunua simu kwa mkopo, wakilipa kidogo kidogo kila siku, na mteja akichelewa simu hujifunga yenyewe. Raia wa namna hiyo akitegemea kitambulisho cha simu, utambulisho wake utakuwa umewekwa rehani kwa mkopeshaji. Simu ikiharibika hupelekwa kwa fundi wa mtaani pamoja na namba ya siri, maana bila namba hiyo hawezi kuijaribu. Wachuma majani chai na wachonga mawe vidole vyao vimesagika hata mashine haivisomi. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyetenda kosa, na kila mmoja anaweza kukwama mlangoni.

Kuna pia hatari ya mlango mmoja. Mwezi Julai 2023 shambulio la mtandaoni lilivuruga eCitizen kwa siku kadhaa, na huduma nyingi zikakwama kwa pamoja. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini somo halikuwa upotevu. Mlango ukiwa mmoja, kufuli moja lafunga nyumba yote. Hata Estonia, ambayo husifiwa kila mara, ililazimika Novemba 2017 kusimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi zipatazo 760,000 baada ya kasoro kugunduliwa katika chipu. Waliweza kuinuka kwa sababu walikuwa na njia mbadala.

Na tusijidanganye kwamba wizi wa utambulisho ni hadithi. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipotazama sajili ya vyama vya siasa walikuta wamesajiliwa kama wanachama wa vyama wasivyowahi kuvigusa. Mtu alihitaji tu namba za vitambulisho, na namba hizo zimeandikwa katika kila daftari la mlinzi na kila duka la wakala wa pesa. Mwaka 2023 Worldcoin ilipanga foleni za vijana jijini Nairobi waliokubali kupigwa picha za mboni kwa malipo yenye thamani ya shilingi elfu kadhaa. Serikali iliisimamisha mwezi Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Aliyeibiwa namba ya siri huibadilisha. Aliyeuza mboni hana nyingine.

Kinachotakiwa

Ninawaandikia wanafunzi na wanaharakati, lakini hasa ninawaandikia maofisa wa serikali wanaosoma ukurasa huu kimya kimya, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoandika kanuni.

Kwanza, kadi ya kushikika ibaki, iwe na nguvu sawa na ya simu katika kila dirisha, na iandikwe hivyo katika sheria. Neno hiari halitoshi. Mwaka 2019 lilikuwa ndani ya amri ya mahakama na foleni zikafurika vilevile. Hiari ya kweli hupimwa siku ile asiye na simu anapohudumiwa bila kusimangwa.

Pili, uthibitisho ufanyike bila seva kuandika kila hatua ya raia, na pale kumbukumbu inapolazimu kuwekwa, mwenyewe aione. Waestonia wanaweza kutazama ni idara gani zilizofungua taarifa zao. Haki ya raia kumwona anayemwona ingekuwa jibu la kweli kwa hati ya 1920 ambayo mwenye nayo hakuweza kuisoma.

Tatu, tathmini ya athari kwa data itangulie mradi na ichapishwe kwa lugha wanayoielewa wananchi, Kiswahili kikiwa cha kwanza. Nne, anayekataliwa na mashine apate binadamu wa kumsikiliza, kwa muda uliowekwa, katika ofisi iliyo karibu naye. Ibara ya 12 ya Katiba inampa kila raia haki ya hati ya usajili, na haki hiyo haina sharti la alama za vidole kusomeka.

Wanaharakati nao wasiridhike na kushinda kesi. Kesi ya Huduma Namba ilishinda, na mrithi wake akaja na jina jipya. Kazi inayobaki ni kusoma rasimu za kanuni, kuhudhuria vikao vya maoni ya umma, na kuuliza maswali yenye majibu: seva iko wapi, nani ana ufunguo, kumbukumbu zitafutwa lini.

Mnubi wa Kibera na Msomali wa Garissa wanakitaka kitambulisho, wamekisubiri miaka. Wanachokikataa ni kitambulisho kinachoweza kuzimwa na mtu wasiyemjua kwa sababu wasiyoambiwa. Dola itakayoweza kuwapa kile cha kwanza bila kuwatwisha hiki cha pili itakuwa imefanya jambo ambalo hakuna serikali ya Nairobi iliyolifanya tangu mwaka 1915.